Umbo la U la ajira za wanawake: mbona Kilimanjaro na Arusha hazikai humo?

Mwanafunzi_Pasua

Wakuu, salaam. Naandika tasnifu ya uzamili hapa Moshi kuhusu ukuaji wa uchumi na ajira za wanawake, nimekwama kwenye nadharia ya umbo la U. Kwa asiyeifahamu: uchumi ukiwa wa jembe, karibu kila mwanamke anafanya kazi. Viwanda na mishahara vikija, kazi zinahamia mbali na nyumbani, wanaume wanazichukua na wanawake wanapungua. Baadaye shule zikijaa wasichana, ofisi na huduma zikipanuka, wanapanda tena.

Nimepakua takwimu za Benki ya Dunia kuanzia 1990. Nikichora nchi zote kwa mwaka mmoja, U inatoka safi kama ya kitabuni. Nikifuata nchi mojamoja, inayeyuka. Tanzania ndiyo inanichanganya zaidi: mstari wa wanawake umelala kule juu karibu na asilimia 80, haushuki wala haupandi kwa maana yoyote, na huku pato limekua hadi mwaka 2020 tukawekwa kundi la kipato cha kati cha chini. Msimamizi anasema lazima kuna mahali nimekosea.

La pili, nina bajeti ya dodoso 200: 100 Kibosho na Marangu, 100 Arusha mjini na Usa River. Je, zinaweza kuonyesha chochote kuhusu U, au nitakula nauli bure?

Fundi_Takwimu

Hujakosea. Ulichokiona wamekiona wengi kabla yako.

Rudi kwenye mchoro wa mwaka mmoja, soma majina ya nchi zilizoko bondeni. Misri, Jordan, Algeria, Iraq, India, Pakistan. Kushoto juu tuko sisi, Burundi, Madagascar, Msumbiji. Kulia juu Sweden, Norway, Kanada. Mchoro huo hausemi kwamba Misri iliwahi kuwa kama Burundi, wala kwamba itaishia kuwa kama Norway. Umezipanga tu kwenye foleni moja ya kipato nchi zenye mila, sheria na rasilimali tofauti kabisa. Mafuta nayo yanachangia kulichimba hilo bonde: fedha inaingia nchini bila viwanda vya kushona wala vya kufungasha, yaani zile kazi ambazo kwingineko ndizo zilizowatoa wasichana nyumbani. Ukiweka kigezo cha kudumu kwa kila nchi, kila nchi inalinganishwa na nafsi yake, na hapo ndipo U yako inapoyeyuka. Wachumi Isis Gaddis na Stephan Klasen walionyesha mwaka 2014 kwamba umbo hilo linayumba kwa kubadilisha tu toleo la takwimu, na kwamba kwa nchi zinazoendelea ushahidi wake ni hafifu.

Halafu kuna suala la muda. U ya Claudia Goldin, aliyepewa Nobeli ya uchumi 2023, ni ya Marekani na inachukua karibu miaka 200. Wewe una thelathini na kitu. Hata kama U ipo kweli, umeshika kipande kifupi cha kamba.

Sasa kosa ambalo nahisi unalo bila kulijua. Kama ulitumia kiashiria SL.TLF.CACT.FE.ZS, hayo ni makadirio ya modeli ya ILO, Shirika la Kazi Duniani. Miaka ambayo nchi haikufanya utafiti wa nguvukazi inajazwa na modeli, na pato la mtu ni mojawapo ya vitu vinavyotumika kujazia. Ukichukua namba hizo ukazipima dhidi ya pato, sehemu ya uhusiano utakaouona umepandwa humo na waliojaza. Kwetu utafiti mkubwa wa nguvukazi ni wa 1990/91, 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21. Kwa hiyo huo mstari wako ulionyooka ni vituo vichache vilivyounganishwa kwa rula. Tumia SL.TLF.CACT.FE.NE.ZS, ile ya makadirio ya kitaifa. Itakuwa na mapengo. Yaache mapengo.

Pili, kipimo chako ni cha miaka 15 na kuendelea. Achana nacho. Tangu ada ifutwe hadi kidato cha nne mwaka 2016, wasichana wengi wa miaka 15 hadi 19 wako darasani, na kila anayebaki shule anaonekana kama mwanamke aliyeacha kazi. Huo ni mteremko wa kuandikishwa shule. Chukua miaka 25 hadi 54.

Tatu, ukiendesha rigresheni (hesabu ya kupima uhusiano wa vitu viwili au zaidi) weka logi ya pato la mtu (NY.GDP.PCAP.PP.KD) na mraba wake. Ili iwe U, kigawo cha logi (namba inayoizidisha kwenye mlinganyo) kiwe hasi na cha mraba kiwe chanya. Kisha tafuta kitako: gawanya kigawo cha kwanza kwa mara mbili ya cha pili, geuza alama, ondoa logi. Namba za kubuni: vikiwa -60 na 3.5, unapata 60 ÷ 7 = 8.57, na ukiondoa logi kitako kiko kama dola 5,280. Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Wanaona nyota tatu pembeni ya kigawo, yaani alama kwamba huenda si bahati tu, wanafunga kitabu. Angalia kitako kimeangukia wapi. Kama kiko nje ya kipato cha nchi zako zote, huna U, una mteremko uliopinda kidogo. Na kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba, ulikokotoe kwa makundi ya nchi, kwa sababu mwaka huu na mwaka jana wa nchi ileile si mashahidi wawili.

Kihamba_cha_Juu

Fundi kamaliza hesabu. Niongeze ya mlimani, maana kwenye kahawa ndiko nadharia inakopata shida ya kweli.

Kahawa ilianzia misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga wakaunda chama chao, na 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha kahawa. Kwa nadharia, zao la fedha likija na chama kikiwa cha wanaume, wanawake wanashuka. Mchumi Ester Boserup aliandika mwaka 1970 kwamba ukoloni ulivyopeleka mazao ya biashara na mafunzo ya kilimo kwa wanaume, wanawake walibaki na jembe la chakula. Sawa. Lakini Kilimanjaro walishuka kwenye daftari. Shambani walibaki palepale.

Fuata debe moja la kahawa. Kupalilia mibuni. Kuchuma tunda jekundu mojamoja, la kijani linaachwa. Kukoboa kwa mashine ya mkono jioni ileile, kwa sababu tunda likilala linaanza kuchacha na ladha inaharibika. Kulaza kwenye maji, kuosha hadi utelezi uishe, kisha kuanika kwenye kichanja kwa wiki moja hadi mbili, ukigeuza mara kwa mara na kufunika wingu likitanda. Sehemu kubwa ya hizo siku ni mikono ya mama na watoto. Siku ya kupima chamani, kadi ina jina la mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Malipo ya awali kwake, ya pili kwake. Karani wa sensa akipita anauliza kazi, anaandika "mkulima" kwa baba na "mama wa nyumbani" kwa mama, huku vidole vya mama vina utomvu wa kahawa.

Na hilo si letu peke yetu. Goldin alipopitia sensa za Marekani za mwishoni mwa karne ya 19 alikuta wanawake walioolewa wameandikwa "mke" kwenye nafasi ya kazi, hata wale waliokuwa shambani au kwenye duka la familia. Aliposahihisha, walioolewa waliokuwa wakifanya kazi walikuwa karibu mara tatu ya walioandikwa. Kwa hiyo kabla hujauliza kwa nini mstari umeshuka, uliza kalamu ilikuwa mkononi mwa nani.

Upande wa pili wa kihamba ni ndizi. Ndizi ni ya mama, na fedha ya ndizi ni ya mama, tangu zamani. Mfumo wa mgawo wa soko la kahawa duniani ulipovunjika 1989 na bei ikaporomoka, wengine waling'oa mibuni. Fedha ya nyumba ikaanza kutoka kwenye mikungu inayoshuka Kiboriloni na Mwika, maziwa ya ng'ombe wa ndani, na mboga. Na kabla ya hapo, miaka ya 1980, mishahara ya serikalini ilishapoteza thamani kiasi kwamba mshahara wa baba haukufika tarehe 15. Ukichora ajira za wanawake za kipindi hicho utaona kujiajiri kunapanda. Usifurahie ukasema "huo ndio mkono wa kulia wa U". Mkono wa kulia unatakiwa upandishwe na elimu na kazi za mshahara. Huu ulipandishwa na njaa ya mshahara wa mume.

Kwenye dodoso lako la Kibosho, mtego ni mmoja tu lakini ni mkubwa. Mkutano wa ILO wa 2013 ulibadilisha maana ya ajira: aliyeajiriwa ni anayefanya kazi kwa malipo au faida. Anayelima hasa kwa ajili ya chungu chake anafanya kazi ndiyo, ila haingii kwenye ajira. Sasa chukua mama mwenye robo eka, ng'ombe mmoja na mikungu mitatu iliyokomaa wiki hii. Akiuza miwili na kula mmoja, ameajiriwa. Wiki inayofuata hana mkungu uliokomaa, anakata majani ya ng'ombe na kupalilia, maziwa yote yananyweka nyumbani: anaweza kuhesabiwa hana ajira. Mama yuleyule, kihamba kilekile, siku saba tofauti. Ukilinganisha utafiti wa zamani na mpya bila kuoanisha maana, unaweza kutengeneza bonde la U mezani kwako bila mwanamke hata mmoja kuacha jembe.

BintiSakina

Naomba nimjibu mwenye mada upande wa Arusha, kwa sababu mashamba ya maua ya Usa River na viwanda vya nguo na vyandarua ni kitu tofauti na kihamba. Huku ni mshahara, na wanawake ndio wengi. Nadharia inasema kiwanda kinawapunguza wanawake. Arusha kiwanda kinawatafuta. Mapinduzi ya viwanda ya chuma na mashine nzito yaliajiri wanaume, ila kushona, kupanga madaraja na kufungasha kwa ajili ya kusafirisha nje kunaajiri wanawake kote duniani. Bangladesh ilianza hivyo na nguo miaka ya 1980.

Ingia banda la kupanga madaraja ya waridi. Maua yametoka kukatwa alfajiri, yako kwenye ndoo za maji, yamepumzika chumba cha baridi. Mwanamke amesimama mbele ya ubao wenye mistari ya urefu, anang'oa majani ya chini na miiba, analaza shina kwenye ubao: la sentimita 40 huku, 50 huku, 60 kule. Kichwa kilichofunguka sana kinatupwa. Anapanga vichwa vilingane, anafunga, anakata miguu ya shina iwe sawa, fungu linarudi kwenye baridi. Kunyunyizia dawa kumewekwa kwa wanaume, kwa hoja ya mimba na kunyonyesha, na usimamizi wa mitambo vilevile. Kwa hiyo ukihesabu vichwa utasema wanawake wameshinda. Ukihesabu vyeo utaona bomba la dawa na ufunguo wa jenereta havikuwahi kutoka mikononi mwa wanaume.

Kinachomtoa mwanamke kazini huku ni saa. Kuelekea tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao, oda zinajaa, banda linafanya kazi hadi usiku. Mwenye mtoto wa miezi minane na nyumba ya kupanga Maji ya Chai bila bibi karibu anafanya hesabu: mshahara, toa dada wa kazi, toa nauli, kinachobaki hakilipi. Kibosho huyo mtoto angebaki na shangazi. Ndiyo maana kwenye dodoso lako swali la nani analea mtoto saa za kazi lina thamani kuliko swali la kiwango cha elimu.

Na sheria usiisahau, kwa sababu inaeleza kwa nini mkataba ni mfupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Lakini mwenye utumishi chini ya miezi 6 hana likizo ya malipo. Wa msimu anayo, na aliyerudi kwa mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka anayo pia, jumla ikizidi miezi 6. Wengi hawakijui kifungu hicho cha mwisho. Muulize "una mkataba wa muda gani" kisha umuulize "mwaka huu umesaini mara ngapi, kwa mwajiri huyohuyo?" Majibu mawili hayo yakikaa pamoja yatakuambia zaidi ya kisanduku cha "ajira rasmi / isiyo rasmi".

Kwa maoni yangu Arusha ndiyo mkono wa kulia wa U unaoanza kuonekana.

Fundi_Takwimu

Dada, hapo mwisho nakupinga kidogo. Mkono wa kulia kwa Goldin ni kazi za mezani na darasani, zinazotaka sekondari. Hoja yake ni kwamba kiwanda kilikuwa aibu kwa mume: mke akionekana na ovaroli, watu wanasema mume mvivu. Karani na mwalimu hawakuleta aibu hiyo. Kupanga waridi kunahitaji macho na uvumilivu, cheti hakitazamwi sana. Ukitaka mkono wa kulia wa kanda hii, tafuta walimu, wauguzi, mahakimu, maofisa wa benki na wa halmashauri, na rudisha macho kwenye shule za wasichana kama Weruweru, Ashira na Machame.

BintiSakina

Nakubali kuhusu cheti. Aibu sikubali. Huku kwetu nani alishamcheka mume kwa sababu mkewe anauza ndizi au anafanya kazi kiwandani? Mama asiye na shughuli ndiye anayesemwa. Kama kichocheo cha bonde ni aibu, na aibu hiyo haipo, basi bonde halina cha kulichimba, na mstari wa mwenye mada ulionyooka umepata maelezo yake.

Kihamba_cha_Juu

Hiyo hoja iandikwe kwenye tasnifu, ni bora kuliko rigresheni nzima. India ukuaji ulikuwa wa kasi baada ya 2004/05 na ushiriki wa wanawake ukashuka. Huko mke kubaki nyumbani ni alama ya familia iliyofanikiwa. Huku alama ya kufanikiwa ni mama kuwa na duka lake.

Mwanafunzi_Pasua

Nimewasoma nyote, ahsanteni sana. Basi naiacha U ya dunia kama sura ya pili tu. Swali la mwisho: dodoso 200 nizitumieje? Na niulize nini hasa ili nisiangukie mtego wa mikungu mitatu?

Fundi_Takwimu

200 hazitoshi kukadiria kiwango cha mkoa. Kwa sampuli nasibu ya 100 kila upande, kiwango cha asilimia 50 kinabeba makosa ya kama asilimia 10 juu na chini, na ukichukua kwa vijiji yanaongezeka. Usiripoti "ushiriki Kibosho ni asilimia kadhaa". Tumia hizo 200 kufuata maisha ya kazi ya kila mwanamke, na viwango uvichukue kwenye data ghafi za utafiti wa nguvukazi, ziombe Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Humo fuata waliozaliwa 1976 hadi 1980: mwaka 2001 walikuwa na miaka 21 hadi 25, 2006 miaka 26 hadi 30, 2014 miaka 34 hadi 38, na 2020 miaka 40 hadi 44. Huo ndio mstari wa kizazi kimoja. Ukilinganisha msichana wa leo na mama wa leo, umechanganya umri na zama.

Kihamba_cha_Juu

Kwa maswali, usianze na "unafanya kazi?" Utajibiwa "hapana, nipo tu nyumbani", na ndoo ya maziwa iko mlangoni. Taja shughuli mojamoja kwa majina: katika siku saba zilizopita ulikata majani ya ng'ombe? Ulichuma, ulikoboa au ulianika kahawa? Ulipeleka chochote sokoni? Ulimfanyia mtu kibarua? Kila akisema ndiyo, fuatisha mambo matatu: saa ngapi, kilichopatikana kilienda zaidi kuuzwa au kuliwa, na nani alishika fedha. Kisha rudia orodha hiyohiyo kwa miezi 12. Siku saba zikupe ajira kwa maana ya 2013, miezi 12 ikupe kazi yenyewe, na tofauti ya hizo mbili ndiyo sura yako ya nne.

Andika na mwezi wa mahojiano. Kahawa huku inachumwa kuanzia Julai hadi Desemba. Ukienda Aprili na mvua za masika, sehemu kubwa ya hayo hutaiona.

BintiSakina

Na usiende Tengeru kuhoji Jumamosi, ni siku ya soko. Wenye biashara hawatakuwa nyumbani, utahoji waliobaki.